Mwaka Tuliopanga Kwenda Zanzibar

Mke wangu si mtu wa kuomba. Katika miaka kumi na tatu ya ndoa yetu aliomba cherehani ya pili, akaomba dirisha la jikoni lipanuliwe, na siku moja ya mwezi wa nne, akiwa amesimama mezani akikata kitambaa cha bluu cha sare za shule, aliomba bahari.

"Tuende tuone bahari," alisema bila kusimamisha mkasi. "Sisi bane bote. Mu congé yako, ile likizo ya mwezi wa saba."

Nilidhani anatania. Nyumba yetu iko Ruashi, mtaa ulio karibu na mgodi huku Katanga. Tuliijenga wenyewe, chumba kimoja kimoja, na hadi leo ukuta wa upande wa mgodi haujapigwa lipu. Majirani zetu wakisafiri huenda kwenye arusi Likasi au kwenye msiba Kasomeno. Sikumjua hata mmoja aliyepanda ndege ili akaoge.

"Bahari gani?"

"Ile ya Zanzibar. Ile ya mu calendrier."

Kalenda hiyo ilitoka kwenye duka analonunua vitambaa. Ilikuwa na mchanga mweupe na maji ya kijani kama jiwe la malakiti lililosuguliwa. Ilining'inia mbele ya cherehani yake, na mwezi wa kwanza ulipokwisha hakufunua ukurasa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo, sikuuliza.

"Miaka kumi na mbili sikupumuzika," akasema. "Nataka nikae pahali hakuna muntu ananiyua. Niangalie maji, basi."

Alisema kumi na mbili. Hakusema kumi na tatu. Hilo pia nililisikia, nikalinyamazia.

Mimi ni déclarant: naandaa hati za forodha za malori yanayovuka mpaka wa Kipushi kwenda Zambia na kurudi. Kanuni ya kazi yetu ni moja. Lori moja, jalada moja. Nambari iliyo kwenye chuma iwe ndiyo iliyo kwenye karatasi. Niliwahi kumzuia dereva siku tatu mpakani, mke wake akijifungua upande wa pili, kwa sababu ya tarakimu moja. Kwa hiyo safari ya bahari niliianza nilivyozoea kuanza kazi. Nilinunua jalada la kijani lenye vigawanyo vinne: mimi, mke wangu, mvulana, msichana. Ukurasa wa mbele niliandika orodha: pasipoti, kadi za chanjo ya homa ya manjano, tiketi, chumba, nguo.

Nguo ndizo zilizotangulia. Mke wangu alishona kaputula ya kuogelea ya mvulana kutokana na mabaki ya bluu ya sare, akatia kamba kiunoni. Kila jioni baada ya shule mvulana aliivaa juu ya suruali, akamfundisha dada yake wa miaka sita Kiswahili cha huko.

"Kule usiseme 'muntu'. Banasema 'mtu'. Ukisema 'muntu' batakucheka."

"Na maji banasema je?"

"Maji ni maji, weye!"

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akipita kwetu kila Jumapili akitoka misa. Aliposikia mpango wetu alikaa kwenye kiti cha plastiki akacheka mpaka akavua miwani.

"Bantu ya Ruashi banapanda ndege kwenda kuoga chumvi! Chumvi inaisha ku soko? Papa, kuja hapa. Utaniletea nini?"

Aliyemwita Papa ni mvulana. Inafaa nieleze, kwa kuwa mambo yote yanatoka hapo. Watu wa baba yangu walikuja Katanga kutoka Kasai, na kwetu mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la babu wa baba yake. Mtoto mwenye jina kama hilo hatajwi ovyo nyumbani. Anaitwa Papa, hata baba yake mwenyewe humwita hivyo, kwa sababu ni mzee amerudi. Shangazi alimwita Papa, nami vilevile, na mama yake. Jina kamili lilibaki shuleni na kwenye karatasi.

"Nitakuletea maji ya bahari mu chupa," mvulana akamjibu.

"Maji tu? Lete na samaki ndani!"

Sasa niseme nililokuwa nikilijua. Cheti cha kuzaliwa kilichokuwa kwenye kigawanyo cha tatu hakikuwa cha mvulana huyu.

Kabla yake tulizaa mwingine, wa kiume, aliyebeba jina hilohilo. Nilimwandikisha kwenye ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, wiki ya kwanza, nikiwa na furaha ya kijana mwenye muhuri wake wa kwanza. Akafa kwa homa akiwa na miezi saba; miaka kumi na mbili ya mke wangu inahesabiwa tangu siku hiyo. Wanawake wa ukoo walisema mama aliyefiwa na mtoto wa kwanza haendi makaburini, asije akafunga tumbo. Mke wangu alibaki chumbani mlango umefungwa, nasi tukaenda kuzika. Huyu wa pili alipozaliwa, baba yangu, ambaye sasa naye hayupo, alisema jina haliwezi kulala chini, akampa lilelile. Shangazi akaongeza lake: mtoto anayezaliwa nyuma ya kifo haambiwi, atageuka kuangalia nyuma. Hatukumwambia.

Na cheti? Kilikuwa ndani ya bahasha. Jina moja, baba mmoja, mama mmoja. Nilipompeleka shule ya msingi nilikitoa nikakiweka mezani kwa mkurugenzi, naye akanakili. Mimi, ninayezuia lori kwa tarakimu moja, nilipitisha mtoto kwa karatasi ya mwingine. Sikuiona kuwa udanganyifu. Niliona ni kuliendeleza jina. Tangu hapo, kwenye daftari la shule, mwanangu ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani, na ndiye aliyekuwa mfupi kuliko wote. Mkurugenzi alinitania kila mwaka: "Huyu munamulisha nini? Hewa tu?"

Tulikwenda ofisi ya pasipoti mwanzoni mwa mwezi wa sita, sote wanne, tumevaa nguo za kanisani kwa ajili ya picha. Baridi ilikuwa imeanza, na vumbi. Mimi, mke wangu na msichana tulipita. Mvulana alipofika mbele, kidevu chake kiligusa ukingo wa kaunta. Afisa, mwanamume mwenye sauti ya upole, alisoma cheti, akamtazama, akasoma tena.

"Vieux, mzee wangu, huyu iko na miaka kumi na mbili?"

"Ndiyo," nikasema.

Akamwinamia mtoto. "Petit, ulizaliwa lini?"

Mwanangu alijibu kwa sauti ya darasani, siku, mwezi na mwaka, yote sahihi. Akaongeza: "Mu mwezi wa kenda nitafikisha kumi na moja. Tunaenda ku bahari."

Afisa aliweka kalamu chini. "Mwezi haufanane. Mwaka haufanane." Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonitisha. "Vieux, usinichukie. Bantu banapitishaka batoto ba bengine ku mipaka kila siku. Miye nitaandika nini hapa? Huyu mutoto iko wa nani?"

"Ni wangu," mke wangu akasema nyuma yangu.

"Mama, nakusikia. Lakini hii acte ya kuzaliwa iko ya mutoto mwengine."

Mtu huyo hakujua alichosema. Mke wangu alimshika msichana mkono, akatoka nje. Nilikusanya karatasi zetu. Kwenye ngazi mvulana alinivuta koti.

"Papa, nilikosea?"

"Hapana. Ulisema kweli."

"Sasa juu ya nini Mama analia?"

Nilimwambia ni vumbi.

Kesho yake nilimwendea mtu ninayemfahamu, karani wa mahakama. Alinisikiliza, akachora mistari miwili kwenye karatasi. Hakimu angeweza kutoa hukumu ya kumwandikisha mtoto aliyecheleweshwa, jambo la kawaida kabisa. Lakini kwenye kitabu cha serikali kulikuwa tayari na mtoto wa jina hilo, wa baba huyo na mama huyo, naye alikuwa hai. "Mbele ufunge hii ya kwanza," alisema, akipitisha kalamu juu ya mstari, "njo ufungue ya pili." Kufunga maana yake ni kwenda komini kutangaza kifo. Awepo mama, awepo shahidi aliyeshuhudia mazishi, na mtoto aliye hai aletwe aonekane. Kifo kile hatukukiandikisha popote.

Tulibakiwa na wiki tano kabla ya ndege, na tiketi nilikuwa nimeshazilipia.

Nilimweleza mke wangu mchana, watoto wakiwa shuleni. Alikuwa akipiga pasi kola. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi hatuende," akasema.

"Uliomba weye."

"Niliomba maji. Sikuomba hii."

Sikukubali. Zilizofuata ni siku ninazozikumbuka moja moja, na hakuna hata moja ninayojivunia. Nilijaribu kupeleka karatasi peke yangu. Mama wa komini akanirudisha. Nilimwomba muuguzi mmoja mzee aniandikie kwamba tarehe ilikosewa siku ya kuzaliwa. Akakataa, akaniuliza kama siogopi Mungu. Nilifikiri kumwambia mvulana asome tarehe ile nyingine kwa moyo, aiseme afisa akimwuliza. Nilifika hata kumkalisha mbele yangu. Aliniangalia akisubiri, kaputula yake juu ya suruali, nikamwambia akacheze.

Mwisho nilisema jambo baya kuliko yote. Tulikuwa tukila. Watoto walishamaliza wakatoka.

"Na tukimuacha kwa shangazi? Siku kumi tu. Tuende batatu. Weye uone bahari. Yeye ataenda mwaka kesho."

Mke wangu aliweka tonge la bukari chini, pembeni mwa sahani.

"Tumuache huyu pia?"

Sikula tena siku ile.

Kwa jumla wiki mbili zilipita hivyo. Hakunikodolea macho, hakunigombeza. Alishona. Sare za mwaka mpya wa shule zilikuwa zikiagizwa, na cherehani ilikimbia tangu asubuhi. Kalenda ilibaki palepale. Mvulana alianza kuhesabu siku kwa chaki kwenye ukuta usio na lipu, akifuta mstari mmoja kila anaporudi, na mimi nilipita pale kila asubuhi nikienda kazini kama mtu anayepita mbele ya mdai wake. Alikuwa amewaambia wanafunzi wenzake. Alikuwa amemwambia padri.

Shangazi ndiye aliyeingia kati. Sikumwita; alikuja Jumapili kama kawaida, akaiona hali, akamtuma mvulana na dada yake dukani kununua sukari ambayo hatukuihitaji.

"Nani alikufa hapa?" akauliza.

Cherehani ilisimama. Ndipo akaelewa alichouliza, nami nikamweleza habari za komini na shahidi. Akavua miwani.

"Miye njo nilisema mutoto asiambiwe," akamwambia mke wangu. "Nilisema vile juu nilikuwa nayua tu vile. Mama yangu alisemaka vile. Siyui kama ni kweli. Lakini sanduku nililibeba miye, mama. Mu motokari, juu ya magoti yangu, mupaka kule. Halikuwa zito. Wakitaka shahidi, miye niko."

Mke wangu alimwuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza mimi kwa miaka yote hiyo.

"Balimuvalisha nini?"

"Ile ya njano. Uliyofuma weye."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Siku mbili baadaye, asubuhi, nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani. "Twende," akasema, "kabla moyo haujageuka."

Ofisi ya komini ilikuwa chumba chenye madawati mawili na kabati la vitabu vilivyofumuka mshono. Mama wa komini, mnene, mwenye shali mabegani kwa ajili ya baridi, ndiye yuleyule aliyenirudisha. Shangazi alikaa ukingoni mwa benchi, mvulana katikati yake na mimi. Msichana tulimwacha kwa jirani. Tulikuwa tumekubaliana kumwambia mvulana njiani. Njiani mimi nilizungumza habari za gari.

Mama wa komini alifungua kitabu, akapiga mstari.

"Marehemu alikuwa nani kwenu?"

"Mutoto," nikasema.

"Jina?"

Nilifungua mdomo. Akanizuia kwa kalamu.

"Wewe Baba ulikuja juzi, nilikusikia. Leo nauliza mama. Mama njo alizaa."

Nje kulikuwa na mtu anavuta mkokoteni wa makaa, gurudumu moja likilia. Mke wangu alishika ncha ya meza. Akataja jina. Jina la babu yangu, na la pili, na la ubatizo. Yote matatu, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Ndipo nikatambua jambo ambalo mimi, mwangaliaji wa kila kitu, sikuliona kwa miaka kumi. Mke wangu hakuwahi kumwita mvulana kwa jina. Nilidhani anafuata heshima yetu ya Kikasai, ingawa yeye ni mtu wa kaskazini ya Katanga na kwao hawafanyi hivyo. Papa, Papa, Papa. Nilifurahi kwamba ameishika desturi ya kwetu. Kumbe desturi ilikuwa imemficha. Jina alilizuia lisitoke kwa sababu lilikuwa la yule.

Mvulana aliinuka kutoka kwenye benchi.

"Mama," akasema, "ile ni jina yangu."

Mama wa komini alituangalia mmoja mmoja. Kalamu ilibaki hewani.

"Hamukumuambia?" akauliza. Kisha, kwa sauti ya chini: "Oh, wazazi."

Aliandika. Shangazi aliweka kidole gumba. Mimi nilitia sahihi, mke wangu akatia sahihi, na kitabu kikafungwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupitisha lori tupu.

Nje, karibu na ukuta, shangazi ndiye aliyemweleza, kwa sababu sisi wawili hatukuweza. Mtoto alisikiliza mikono mfukoni. Alinishangaza kwa maswali yake. Yalikuwa yameshika mstari.

"Alikufaka na miaka ngapi?"

"Miezi saba."

"Na ile acte ya ku masomo ni yake?"

"Ndiyo, Papa."

"Na jina?"

"Jina ni ya mukubwa wetu. Mulipewa bote babili."

Alifikiri. Kisha akatugeukia mimi na mama yake, na uso wake haukuwa na machozi, ulikuwa mgumu.

"Basi pasipoti muandike yake. Aende yeye ku bahari."

Nilinyoosha mkono kumshika bega. Akaondoka akaingia kwenye gari, kiti cha nyuma, akajifunga mkanda.

Maombi ya hukumu yalikwenda mahakamani. Karani alifanya alichoweza, lakini hakimu alikuwa na mafaili ya watu wengine, nami nilijua vizuri kuliko wengi kwamba karatasi haikimbii. Nilikwenda kila siku mbili. Nilisimama kwenye korido pamoja na wazazi wengine wenye bahasha, nikajifunza sura zao. Mistari ya chaki ukutani ilibaki kumi na tisa. Mvulana aliacha kufuta. Kaputula aliirudisha juu ya meza ya kukatia, imekunjwa vizuri, kamba ndani. Nyumbani alijibu alipoulizwa. Dada yake alipomwambia "kule banasema mtu", alimwambia anyamaze.

Hukumu ilikuwa haijatoka siku ndege yetu iliporuka. Niliwaomba watu wa ndege watusogezee safari hadi likizo ya mwaka unaofuata, wakakubali, nikaliweka jalada la kijani juu ya kabati.

Siku hiyo yenyewe mke wangu hakushona. Asubuhi alivaa viatu vya kufunga, akaniambia anakwenda makaburini na shangazi, na kwamba nisije. Walirudi baada ya saa sita mchana, viatu vyekundu kwa vumbi. Shangazi alikaa kwenye kiti cha plastiki. Nilimletea maji.

"Hatukupaona," mke wangu akasema. "Vibao vilianguka. Bengine balizikwa juu. Shangazi alionyesha hapa, kisha akaonyesha pale."

"Palikuwa na muti," shangazi akasema. "Balikata muti."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Niliangalia uwanjani, kwa sababu ndiko macho yake yalikoelekea. Mvulana alikuwa amepindua baiskeli yake, amechuchumaa akitugeuzia mgongo, mnyororo mikononi, vidole vimejaa grisi. Ndege ilipita juu ikitoka kiwanja cha Luano. Hakuinua kichwa. Mke wangu ndiye aliyeitazama mpaka ikapotea.

Kisha akaita jina.

Hakusema Papa. Aliita jina lenyewe, kwa sauti, kama akina mama wanavyoita watoto Ruashi nzima wakati wa kula. Shangazi aliinua uso. Mimi nilishika glasi.

Mvulana hakugeuka. Aliendelea kupitisha mnyororo kwenye meno ya gurudumu.

Mama yake akaita tena, lilelile, kwa sauti iliyovunjika katikati.

Safari hii mikono ya mvulana ilisimama. Aligeuza kichwa nusu, macho yake yakatupita sote watatu, yakaingia ndani ya nyumba nyuma yetu, kama kwamba kulikuwa na mtu mwingine angetoka kuitikia.

"Unaita nani?" akauliza.

"Weye," mke wangu akasema. "Niko naita weye."

Akauweka mnyororo chini.